Joto Lililomshika Mama

Mara ya kwanza joto lile liliponishika, nilijua ni mama amekuja. Sikufikiria ugonjwa wala umri. Nilikuwa nimekaa kwenye mashine yangu katika kiwanda cha nguo kule Industrial Area, Nairobi, nikiunga kola za mashati, muda mfupi baada ya chakula cha mchana. Joto lilianza chini ya matiti, likapanda shingoni, likanifunika uso mzima. Kisha likaja jasho. Kitambaa nilichokuwa nashona kikalowa chini ya vidole vyangu. Na pamoja na jasho ikaja harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa zaidi ya miaka thelathini: mwili wa mama uliolowa, sabuni ya kipande aliyofulia nguo zake, na yale mafuta ya mgando aliyojipaka shingoni. Niligeuka. Nilikuwa na hakika nitamkuta amesimama nyuma ya kiti changu.

Nyuma yangu kulikuwa na rundo la mikono ya mashati.

"Kuna nini?" mwenzangu wa mashine ya pembeni aliniuliza.

"Hakuna kitu."

"Shingo yako yote imelowa."

"Ni hili joto la mabati."

Alitazama juu kwenye mabati, kisha akanitazama mimi. Yeye alikuwa amevaa sweta, na amelifunga vifungo vyote.

Mimi ni kitinda mimba wa karani wa stoo ya reli. Tuliishi Makongeni, katika nyumba walizojengewa wafanyakazi wa reli, vyumba viwili na kibaraza, mlango ukitazamana na mlango wa jirani. Wazazi wangu walitoka Machakos, na ndani ya nyumba nilimwita mama mwaitu, kwa lugha yetu. Nje, kila familia ilikuwa na lugha yake, na sote tukakutana kwenye Kiswahili cha mtaa. Mama alikuwa mwanamke wa mikono yenye nguvu na kicheko cha kusikika hadi nyumba ya nne. Nilipokuwa na miaka kumi na minne hivi, kicheko hicho kilikoma.

Alianza kuungua. Hilo ndilo neno alilotumia mwenyewe: "Naungua." Alikuwa anasonga ugali, mara anaacha mwiko ndani ya sufuria, anatoka nje na kusimama kibarazani akivuta blauzi yake mbele na nyuma kujipepea kifua. Hata mwezi wa Julai, mtaa mzima umejifunika, yeye alichovya leso kwenye ndoo ya maji na kujizungushia shingoni. Alisahau mambo. Alilia akikunja nguo. Alimfokea baba eti anapuliza chai kwa kelele. Asubuhi alianika shuka zilizolowa, na wanawake waliokuwa wakianika nguo zao kando yake waliziangalia shuka zile wakanyamaza.

"Ana kitu," walisema baadaye, akishaingia ndani. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni kitu gani.

Jumapili moja waumini wa kanisa letu walikuja nyumbani. Walimkalisha mama kwenye kigoda katikati ya chumba, wakamzunguka, wakaweka mikono juu ya kichwa na mabega yake. Chumba kilikuwa kidogo, na madirisha yalikuwa yamefungwa ili majirani wasisikie. Nilisimama kwenye mlango wa chumba cha kulala. Niliona uso wa mama ukianza kung'aa, halafu jasho likamchuruzika mashavuni na shingoni mpaka gauni likamganda mgongoni. Mmoja wao akapaza sauti kwa furaha.

"Kinatoka! Mnaona? Kinatoka!"

Wakaomba kwa nguvu zaidi. Mama alikuwa amefumbua macho. Alinitazama mimi katikati ya mikono yote ile, na midomo yake ikasema bila sauti, "Maji." Nilikwenda kuchota. Niliporudi na kikombe, watu walikuwa wamefumba macho na kushikana mabega, na hakuna aliyenipisha.

Baada ya siku hiyo mama alianza kutembea. Alipika mapema, akafunika sufuria, akavaa raba zake nyeusi na kutoka. Nilimwona mara moja nikitoka shule. Alikuwa kwenye njia ya miguu inayofuata reli, anakwenda mbio mbio, mikono ikirushwa mbele na nyuma kama askari, midomo ikicheza. Alinipita bila kuniona. Alikuwa amefungua sweta, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona kwa miezi mingi. Mimi niliogopa ule utulivu. Nilidhani ndio dalili kwamba ameshaondoka ndani ya kichwa chake.

Watu walimwambia baba kazini kwamba mkewe anatembea akiongea peke yake. Jioni moja alirudi, akachukua raba za mama, akachukua na ndara zake, akavifungia vyote kwenye sanduku la bati alilowekea vyeti vyake. Hakumpiga. Hakupaza sauti. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosa usingizi kwa muda mrefu.

"Ni kwa usalama wako," alisema. "Gari la moshi litakugonga siku moja na sitakuwa na la kuwaambia watu wa kwenu."

Mama alisema, "Sawa." Akakaa.

Huyo ndiye mama niliyebaki naye: mama aliyekaa. Kiti kilikuwa kando ya dirisha. Mwili wake ulinenepa na kulegea, magoti yakavimba, akawa anashika ukuta kwenda msalani. Siku moja aliteleza kwenye kizingiti, akavunjika nyonga. Alipelekwa hospitali, mapafu yakajaa maji akiwa amelala kitandani, na hakurudi. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Mimi nilikuwa na kumi na saba. Tulimzika Machakos, na baba aliishi miaka mingi baada ya hapo bila kutaja joto lile wala raba zile. Hata mimi sikumwuliza. Nilichokibeba kutoka nyumba ile ni imani moja tu, ambayo sikuwahi kumwambia mtu: kwamba kuna kitu kilichomwingia mama, na kwamba kinajua njia ya kuja kwangu.

Ndiyo maana, jioni ile ya mara ya kwanza, nilirudi nyumbani, mtaa wa Jericho, nikanyamaza.

Siku zangu zilikuwa zimeanza kuvurugika tangu mwaka uliotangulia. Mwezi mmoja zilikuja mara mbili, kisha zikakaa miezi mitatu bila kuonekana. Joto sasa likaja kila siku. Lilinishika kwenye foleni ya duka, kanisani wakati wa mahubiri, nikimwaga chai. Kila lilipokuja, mkono wangu ulijipeleka wenyewe kwenye blauzi na kuanza kuivuta mbele na nyuma, na niliposhtuka niliona ni mkono wa mama. Nilipopita mbele ya kioo cha duka la dawa pale kwenye kona, niliona taya lake, lile lililolegea kidogo upande wa kushoto. Nilianza kuvuka barabara kabla ya kufika dukani.

Nikaamua kutulia. Nilidhani nikitulia kile kitu hakitaniona. Kazini nilikaa kwenye mashine, nyumbani nilikaa kwenye kochi, Jumamosi niliacha kwenda sokoni na kumtuma binti yangu. Niliacha kufagia uwanja. Mwili ukaanza kubadilika upesi. Tumbo lililokuwa halipo likatokea na kukaa juu ya mapaja. Magoti yalilia nilipoinuka. Asubuhi vidole vilikuwa vigumu hata kutunga uzi kwenye sindano. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa na nilikuwa nashika ukuta.

Binti yangu ndiye aliyevunja kimya. Yeye husuka nywele katika saluni moja hapo Jericho, na hana subira na siri. Aliingia sebuleni akanikuta nimefungua madirisha yote, leso mbichi shingoni.

"Mathe, mbona umelowa hivi? Kwani umenyeshewa ukiwa ndani ya nyumba?"

"Niache."

"Siwezi kukuacha. Wewe umebadilika, manze. Hutoki, hucheki, unaongea na ukuta. Kesho tunaenda kliniki."

"Sina ugonjwa wa kliniki."

Alikaa kando yangu, akaacha utani. "Basi una ugonjwa wa wapi, mum?"

Kesho yake akanipeleka.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Alinipima presha, akanipima uzito, akauliza maswali mengi kuhusu hedhi, usingizi, mkojo, na mambo ya chumbani ambayo sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote. Nilijibu nikitazama sakafu. Kisha akauliza, "Na mama yako, alianza kupata mambo haya akiwa na umri gani?"

"Mama yangu alipata mapepo," nilisema.

Aliweka kalamu chini. Binti yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akageuka kunitazama. Nikaeleza. Nilieleza habari za shuka zilizolowa, leso, kilio, waumini na jasho. Muuguzi hakunikatiza. Nilipomaliza, akavua miwani.

"Mama," alisema polepole, "hayo yote uliyonieleza ndiyo unayopata wewe. Hedhi inakoma. Mwili unapunguza ile homoni uliyoizoea, na ukifanya hivyo unapandisha joto, unakosa usingizi, unasahau, unalia bila sababu. Mifupa nayo inaanza kupungua nguvu. Hakuna kilichokuingia."

"Na mama?"

"Mimi sikumwona mama yako. Lakini kwa hayo uliyosema, sisikii pepo."

Kuna watu wangefurahi. Mimi nilihisi sakafu inateremka. Miaka yote ile nilikuwa nimemwogopa mama yangu mwenyewe, na sasa naambiwa alikuwa mwanamke wa umri wangu anayehitaji maji ya kunywa.

Alinieleza cha kufanya. Nipunguze chai nyingi ya jioni na sukari. Nile dagaa wa omena, mboga, maziwa. Nivae pamba. Kama usingizi utazidi kunikimbia nirudi, kuna dawa za kusaidia, tutazungumza zinanifaa au la. Na hedhi ikikatika mwaka mzima halafu damu irudi, nisikae nyumbani, nije mara moja. Kisha akaniinua kwenye kiti na kuniambia nikae na kuinuka bila kushika kitu. Sikuweza.

"Hapo ndipo tutaanzia," alisema. "Fanya hivyo nyumbani kila siku. Beba pakiti ya unga kila mkono, inua, shusha. Na zaidi ya yote utembee. Utembee kwa nguvu, mikono ikienda, mpaka jasho likutoke kwa kupenda kwako."

Nilimwona mama kwenye njia ya reli, mikono ikirushwa mbele na nyuma.

"Nitembee," nikasema.

"Ndiyo. Kuna shida?"

Shida ilikuwa hiyo. Dawa niliyoandikiwa ilikuwa ndiyo ile ile dalili ya wazimu niliyoikimbia tangu utotoni.

Nilianza kwa kujificha. Jioni baada ya kazi nilichukua kiondo nikakining'iniza begani, ili anayeniona aseme naenda sokoni. Nilizunguka Jericho hadi mtaa jirani wa Jerusalem, nikirudi kwa njia nyingine, kiondo kitupu kikinipigapiga nyonga. Nikiona mtu ninayemfahamu, nilipunguza mwendo na kufungua kiondo kana kwamba natafuta kitu. Magoti yaliuma wiki za kwanza, kisha maumivu yakapungua. Joto lilipokuja nikiwa njiani, halikuwa na pa kunishikia, lilipanda na kupita kama upepo mwingine wowote. Nilianza kulala. Lakini kila nilipokaza mwendo nilihisi siko peke yangu ndani ya miguu yangu. Hatua zilikuwa ndefu kuliko zangu. Mimi hutembea kwa hatua fupi, mume wangu amenicheka kwa hilo tangu tuoane.

Na hatua hizo, Jumamosi moja asubuhi, zikanivusha Barabara ya Jogoo na kuniingiza Makongeni.

Sikuwa nimekanyaga pale tangu baba astaafu na kuhamia kijijini. Nyumba zilikuwa zimechakaa, mabati yamekuwa mekundu kwa kutu, vibanda vimeota kila penye nafasi. Watu walikuwa wameanza kuhama. Ilisemekana nyumba zile zitabomolewa. Nilipita mbele ya mlango wetu bila kusimama. Ulikuwa umepakwa rangi ya buluu. Mlango wa pili kutoka hapo, mwanamke mzee alikuwa amekaa kwenye jua akichambua sukuma wiki. Aliinua kichwa. Mikono yake ikasimama.

"Umerudi," alisema.

Nilimtambua kwa sauti. Alikuwa jirani yetu, mke wa fundi wa injini, wazazi wake watu wa Murang'a. Alikuwa mnene na mwepesi wa maneno enzi zile. Sasa alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la sita, ila macho yalikuwa yale yale.

"Nimerudi, mama," nilisema. "Hamjambo?"

"Tangu lini unaniita mama? Kaa hapa, dada." Akagusa kigoda kando yake. "Siku hizi anakuachilia utoke?"

Mwanamke kijana akatokea mlangoni akifuta mikono. Alikuwa mjukuu wake. Aliniashiria kwa kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, shosho huchanganya watu siku hizi. Usimjali."

Lakini mimi nilikuwa nimeshakaa. Yule mzee alinishika kifundo cha mkono, akasogeza uso wake karibu na wangu.

"Na viatu vyangu umevileta?"

"Viatu gani?"

"Anauliza viatu gani! Raba zangu za kahawia. Si nilikupa wewe uvae, bwana yako alipokufungia zako?" Alicheka, kisha akatazama kuelekea mlango wetu wa zamani na kushusha sauti. "Akienda kazini tu, unagonga ukuta, mimi natoka. Tukaenda wapi? Kule uwanjani. Tunazunguka, tunazunguka, mpaka joto lishuke. Wewe unaungua, mimi naungua. Tukirudi unavua, unanipa, unakaa kwenye kiti chako kama hujatoka. Umesahau?"

Niliinamisha kichwa. Nilikuwa shule saa hizo. Nilirudi kila siku nikamkuta mama kwenye kiti kando ya dirisha, na kwa miaka thelathini nilidhani hakuinuka.

"Sijasahau," nilisema. "Kwa nini niliacha kuja?"

Sijui ni nani aliyeuliza swali lile. Lilitoka mdomoni mwangu kwa sauti ya chini kuliko sauti yangu.

Yule mzee aliokota jani la sukuma, akaling'oa uti polepole. "Ulisema umechoka kujificha," alijibu. "Ulisema mtu mzima haendi kutembea kama mwizi. Nikakuambia, dada, ukikaa utaganda. Ukasema, basi nigande."

Mimi nililia, na yule mzee hakushangaa. Alinipa kona ya leso yake. Kisha akasema, "Simama basi. Umekaa sana." Tukainuka, tukashikana mikono, tukatembea hadi mwisho wa safu ya nyumba na kurudi, yeye akinivuta mimi. Tulipopita mlango wa buluu aliweka kidole mdomoni, ili tusisikike.

Nilianza kwenda kila Jumamosi. Niliacha kiondo nyumbani. Siku nyingine nilikuwa mama, siku nyingine nilikuwa mgeni wa mjukuu, na mara chache alinijua mimi ni nani. Nikiwa mama, nilisikia mambo ambayo hakuna mtoto anayeyasikia: kwamba baba alikuwa amehamia kulala sebuleni na mama hakujua amemkosea nini, kwamba aliogopa siku moja atamwaga uji wa moto juu yangu kwa hasira isiyokuwa yake. Nilijibu nilivyoweza. Njiani kurudi nilijikuta nikiendelea kujibu.

Ndipo mume wangu akasikia. Yeye ni dereva wa lori, huenda Malaba na kurudi, na habari za mtaa humfikia kabla hajafungua mlango. Jioni moja alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.

"Kuna watu wamekuona Makongeni," alisema. "Wanasema unatembea ukiongea peke yako."

Niliganda. Yalikuwa maneno yale yale, karibu neno kwa neno, aliyoambiwa baba. Nilitazama viatu vyangu chini ya kitanda, kisha nikatazama mikono yake.

"Na wewe umewajibu nini?"

"Nimesema nitakuuliza."

Nikamweleza yote. Tumeishi pamoja miaka ishirini na sita na alichojua kuhusu kifo cha mama ni kwamba alianguka. Alisikiliza kiatu kimoja kikiwa mguuni na kingine mkononi.

"Unataka nifanye nini?" aliuliza mwishoni.

"Usifanye kitu."

Akaitikia kwa kichwa. Baadaye nilimsikia nje, mtu akimwambia ameniona tena kule Barabara ya Jogoo nikienda mbio. "Ndiyo," alijibu. "Ni yeye."

Jumamosi moja ya mwisho wa mwaka nilimkuta yule mzee amevaa gauni la kutokea, vyombo vimefungwa kwenye magunia. Mjukuu alikuwa amepata nyumba mtaa wa Lucky Summer, ghorofa ya nne. Mzee alinitazama kwa muda, na nikaona ananiona mimi.

"Wewe ni yule msichana wa mwisho," alisema. "Mama yako alikufa."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuwa kati ya waliomwosha."

Sikujua hilo. Nilikuwa nimezuiwa nisiingie.

"Nilimwosha miguu," alisema. Alikuwa akitazama viganja vyake. "Mwanamke yule alikuwa na miguu migumu, visigino kama gome la mti. Siku ile ilikuwa laini. Laini kama ya mtoto ambaye hajaanza kusimama. Niliishika nikawaambia wenzangu, tazameni, huyu walimzima kuanzia chini. Walinikemea ninyamaze."

Mjukuu akamwita, gari limefika. Nilimshika mkono hadi barabarani. Alipopanda alikuwa ameshanisahau, akaniuliza kama najua nauli ya Machakos, maana kuna dada yake amezikwa huko na hajawahi kwenda kumwona.

Nimemtembelea Lucky Summer. Ngazi ni nyingi na hashuki tena. Hukaa kwenye balkoni akitazama mabati ya mtaa wa Baba Dogo. Mimi humshika mikono miwili tukainuka na kukaa, tukainuka na kukaa, kama nilivyofundishwa kliniki. Hunitii bila kuuliza mimi ni nani.

Mwaka huu nilivuka umri wa mama. Nilikuwa nimeihesabu siku hiyo tangu nikiwa kijana, nikiamini sitaiona. Ilikuja, ikanikuta jikoni. Hedhi ilikuwa imekoma zaidi ya mwaka, joto bado huja ingawa si kwa ukali wa kwanza, naweza kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu, na nywele zimepungua pale mbele. Nilingoja nafuu. Badala yake nilihisi nimeachwa. Miaka yote ile, hata nilipomwogopa, mama alikuwa mbele yangu, na kila lililonipata lilikuwa limempata yeye kwanza. Sasa mimi ni mkubwa kuliko mama yangu. Nikitembea, hatua ni zangu, fupi. Nimejaribu kuzirefusha. Mama haji.

Binti yangu alinikuta nimesimama hivyo, mikono ndani ya maji ya vyombo.

"Mathe," alisema, "hii kitu itanishika na mimi?"

"Itakushika."

"Itakuwaje?"

Nikafuta mikono, nikavuta viti viwili. Nilimweleza kuhusu damu inayokuja na kupotea, joto na mahali linapoanzia, kilio, ngozi kukauka, usingizi, hasira inayotaka mtu wa kumwangukia. Sikuruka kitu. Alisikiliza akisokota nywele zake kidoleni, akauliza maswali, mengine ya aibu, nikayajibu.

"Na baada ya hapo?" aliuliza. "Ukishafika mahali umefika sasa, kinafuata nini?"

"Hapo sijui," nilimwambia. "Hapo hakuna mtu wa kwetu aliyefika akanieleza. Ngoja nitembee, nitakwambia."